Omba, Nawe Useme Uliugua

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Muheza tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu.

Umeuliza kama uombe ufadhili wa kusomea kazi ya kuwasaidia wagonjwa wa akili. Wafadhili wanawataka waliowahi kuugua wenyewe, nawe unaogopa watu watajua kwamba ulilazwa.

Nilipokuwa kijana kwenye shamba la mkonge, niliugua hivyo. Nilijifungia chumbani, na kila aliyekuja kunishauri nilimgeuzia mgongo. Kisha akaja Hoza, mkata mkonge mwenzangu. Watu walimcheka kwa kuwa aliwahi kuugua. Akaketi sakafuni, akasema, "Hata mimi nilidhani sitatoka. Nikatoka." Akainuka, akaenda zake.

Alirudi kesho yake na kesho kutwa. Siku ya tatu nikamuuliza, "Ulitokaje?"

Wengine walikuwa na elimu kumzidi Hoza, lakini swali lile nisingeweza kuwauliza wao.

Basi omba, mjukuu wangu, na uandike wazi kwamba uliugua. Utaiweza kazi hiyo.

Baba yako hajui habari yangu hii. Jumapili akija, nitamweleza mwenyewe.

Babu yako,
Yohana