Kiti Kilichobonyea kwa Daktari

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14, mchana.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa siku zote nilizokaa kimya. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, lile linalokusumbua ukipanda ngazi? Shemeji kifua kimepoa? Mapacha wameshaota meno ya mbele au bado wanacheka na mapengo? Sisi huku tupo. Siwezi kusema wazima kabisa, ila tupo, tunakula, tunalala kidogo.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, si unanijua. Nikisikia sauti yako kwenye simu nabaki "ee, ee, sawa," mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama. Mwandiko uvumilie, niliishia darasa la nne na hata hesabu za hilo la nne ulinifanyia wewe. Barua anakuletea dereva wa lori la mbao, anayetushushia mzigo hapa karakana. Mpe chai. Ni mtu mzuri, ila anaongea sana.

Habari yenyewe ni hii. Wifi yako ana mimba, na imeshakuwa kubwa, mwezi wa nane unaishia. Tulinyamaza makusudi. Baada ya yule wa kwanza, yule wa mwaka juzi ambaye hakulia, tulikubaliana tusimwambie mtu mpaka, sijui hata mpaka nini. Usinikasirikie.

Wiki tatu zilizopita alikwenda kliniki ya hapa mtaani. Mkunga akampima tumbo, akampima presha, akampima presha tena. Unajua mtu akikupima kitu kimoja mara mbili. Akamwambia presha imepanda, na mtoto amekaa vibaya, ametanguliza makalio, na kwa kuwa tulishapoteza mmoja yeye hawezi kumzalisha pale. "Tafuteni daktari bingwa wa akina mama, tena msizidi wiki mbili." Akampa vidonge vya presha na karatasi. Daktari gani, yuko wapi, hakusema. Simlaumu. Foleni yake ilifika getini.

Mimi nikafikiri ni kazi ya siku moja. Kumbe.

Shida ya kwanza ilikuwa wifi yako. Yule daktari wa mwaka juzi hakunyanyua macho kwenye karatasi zake hata mara moja. Habari ya mtoto alimpa huku anaandika. Basi safari hii wifi yako akaniambia, anakunja nguo, wala hakupandisha sauti: "Nitakwenda kwa atakayenitazama. Asiyenitazama, nabaki kwangu." Akisema kitu huku anakunja nguo, Dada, hapo hakuna mjadala.

Shida ya pili ni mimi. Nimuulize nani? Mwanaume mzima nasimama mbele za watu nikiulizia daktari wa wanawake. Siku nne nilipita mbele ya duka la dawa, ya tano nikaingia. Muuza dawa ni mama mmoja wa miwani, na nyuma yangu walikuwepo watu watatu. Nikainama nikamnong'oneza: "Naulizia daktari bingwa. Ni, eh, shida ya nyumbani."

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Pole, mwanangu. Usione haya, wanaume wengi wanayo." Akanichorea njia kwenye boksi la dawa. Hilo la wanaume wengi nililisikia, lakini nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

Nikaenda, nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Wewe unajua mimi ni mtu wa kuangalia. Nikaona benchi zima ni wanaume, wazee kwa vijana, kila mmoja anachungulia viatu vyake. Nikajiambia labda na hawa wameleta karatasi za wake zao. Nikaingia. Daktari akavaa glovu, akaniambia nishushe suruali. Nikampa karatasi ya mkunga. Akaisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Kijana, una mimba ya miezi minane?"

Nesi akatoka nje. Nilimsikia akicheka korido nzima.

Nilipomsimulia wifi yako alicheka mpaka akashikilia tumbo akaniambia basi, basi, utanizalisha hapahapa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Nikaona siku ile haikupotea yote. Ila siku tano katika zile wiki mbili za mkunga zilikuwa zimeshakwenda.

Yule daktari wa wanaume naye alikuwa muungwana. Aliniandikia mahali patatu penye madaktari wa akina mama. Akasema yeye anajua walipo tu, nani mzuri hajui. Wifi yako miguu imevimba, siwezi kumtembeza mlango kwa mlango kama muuza maandazi. Ikabidi nitangulie mimi, kila nikitoka kazini kidogo. Bosi wangu, huyu tunayemwita Mzee Sponji, alikuwa ananiruhusu huku analalamika.

Sasa nitamjuaje daktari anayetazama watu? Mimi sijui dawa. Ninachojua ni viti. Kiti hakijui kuficha, Dada. Nikikiona nakwambia nani anakikalia, kwa muda gani, na kama anakaa kwa raha au kwa mashaka.

Pa kwanza palikuwa na milango ya vioo. Makochi meupe, miguu bado ina nailoni ya dukani. Dada wa mapokezi akaniuliza bima hata kabla ya salamu. Nikasema nimepotea njia.

Pa pili ni hospitali kubwa. Benchi zimejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Mwanamke anaingia, mimi naanza kufunga kamba za viatu, sijamaliza yeye ametoka na karatasi. Mlango ulipofunguka nikaona vizuri. Kiti cha daktari mgongo umebonyea, mikono imechakaa mpaka mbao. Kiti cha mgonjwa kipya kabisa, hakina hata mkunjo. Nikajua hapa anayekaa ni daktari peke yake. Nikarudi nyumbani. Wifi yako akaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Siku ile nilichoka, Dada, nilichoka mpaka viatu nilivivua nikiwa nimelala.

Pa tatu ni juu ya duka la vitabu vya shule, unapanda ngazi nyembamba. Ilikuwa siku ya kumi na mbili. Wanawake wanne tu, lakini foleni haisogei, na hakuna anayelalamika. Hilo peke yake likanishangaza. Nesi akaniuliza nimemleta nani. Sijui ulimi ulitoka wapi, nikasema: "Mimi ni fundi wa viti. Naomba nione viti vya ndani."

"Nani kakuita?"

Kabla sijajibu, daktari mwenyewe akatokea mlangoni, mama mtu mzima, mfupi, kalamu kwenye nywele. "Mwache apite! Nimelia na hicho kiti mwaka mzima."

Kiti cha mgonjwa kilikuwa kimekwisha. Sponji imelala kabisa, unakalia ubao, umbo la watu limebaki pale kama bakuli. Kiti cha daktari kile kikubwa kimesukumwa ukutani, kimebeba mafaili, kina vumbi. Yeye anakalia kigoda, amekisogeza mpaka magoti yake yanakaribia ya mgonjwa. Kigoda nacho kimelika. Kitanda cha kupimia kimechanika, kimezibwa kwa plasta ya vidonda. Nikamwambia ukweli pale pale, kwamba fundi ni kweli ila nina mke. Akasema, "Mlete kesho. Kiti utakitengeneza baadaye."

Nikamleta. Daktari alimtazama kabla hata hajamwambia kaa. Akakaa kwenye kigoda chake, karatasi ya mkunga akaiweka pembeni, akamuuliza mimba hii, akamuuliza ile. Wifi yako akajibu kwa mkato, unamjua. Halafu daktari akauliza: "Huyo wa kwanza mlimpa jina?"

Mimi nikataka kusema hapana. Wifi yako akalitaja. Dada, alikuwa nalo mwaka juzi wote, na mwaka jana, na mimi nalala pembeni yake sijui. Daktari akaliandika kwenye faili, polepole, akamwonyesha kama amelipatia. Nikatoka kidogo nikasimama kwenye ngazi.

Basi imeamuliwa hivi. Vidonge vya presha amebadilishiwa, na anapimwa kila baada ya siku mbili. Mtoto bado amekaa vilevile, na kipimo cha picha kimeonyesha anacheza vizuri. Jumanne ya tarehe 30 atafanyiwa upasuaji, daktari huyu huyu ataufanya, kwenye hospitali kubwa. Amesema presha ikikorofisha hatasubiri tarehe. Naogopa. Wifi yako haogopi, au anaogopa kwa kukunja nguo.

Kiti na kile kitanda nimevichukua, naviwekea sponji ngumu chini na laini juu. Mzee Sponji ametoa ngozi ya plastiki bure, ile nyekundu ambayo hakuna mteja anayeitaka, kwa hiyo kitanda kitafanana na cha kinyozi. Daktari amenionya jambo moja tu, kiti nisikipandishe. Anataka mgonjwa na yeye walingane macho.

Dada, dereva wa lori anarudi huku Ijumaa ya tarehe 26. Mbele ana nafasi ya mtu mmoja. Wifi yako hana mama wala dada, na hajaniambia nikuombe. Ila jana nilimkuta anafua ile shuka unayoitandika ukija. Nikamuuliza kuna mgeni? Akasema hakuna, imeingia vumbi. Njoo, Dada. Kama goti linakataa nitaelewa, ila njoo. Lile jina sitaliandika hapa. Nadhani anataka akwambie mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kahawa kifua kipone. Mapacha wabusu mapengo. Mama mkwe wako anayenicheka kwamba siongei, mwambie nimeandika kurasa nne.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mlangoni kwetu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikinyamaza,

Fundi wa viti