Aliyetoa Uwanda

Harweyn,
Jumatano, 10 Septemba.

Walaal Abdinasir,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Ifrah, na kale kabinti kenu ambako nasikia kameota meno manne na kanamuuma kila anayekabeba. Sisi huku miili yetu haina neno, alhamdulillahi. Kifua cha Hooyo kimetulia tangu abadilishiwe dawa, na mguu wa Aabo unamsumbua asubuhi tu, akishatembea anausahau. Mimi pia sijambo, ukiniangalia kwa mbali.

Najua umeshangaa kupata karatasi zama hizi. Simu imenishinda, walaal. Nyumba yetu unaijua, kuta ni za mabati, nikipiga chafya jirani ndiye anayeniombea rehema. Na ujumbe wa simu hapa Harweyn huzunguka mji mzima kabla sijairudisha simu mfukoni. Kwa hiyo nimempa mwalimu Sahra, anayekuja Garissa kwa semina, akukabidhi mkononi. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, maana katika nyumba hii wanaokisoma ni wewe na mimi tu.

Hooyo ndiye aliyeniagiza nikuandikie, moyo wa mama. Anataka nikubembeleze umpigie Aabo. Ijumaa iliyopita ilikuwa ya nne bila simu yako. Akitoka msikitini anakaa kwenye mkeka nje, simu ameiweka juu ya goti, kisha ananiuliza kama mtandao upo. Namjibu kwamba mtandao ni mbovu. Kila Ijumaa namdanganya hivyo, naye kila Ijumaa anajifanya ameniamini. Maneno uliyoyaandika kwenye kundi la familia tuliyasoma sote: kwamba mtu aliyetoa uwanda wa visima vya baba yake kwa ajili ya ngoma za siku tatu si baba yako, na kwamba hutakanyaga hapa mpaka ajieleze. Hakuna aliyemsomea, ila anajua. Yeye hatajieleza, nakuhakikishia. Basi nitakueleza mimi, na nakuomba uvumilie, maana sijui kufupisha.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Bosi wangu, Bwana Abdilatif, msimamizi wa wadi, alirudi kutoka mkutanoni na habari kwamba tutafanya siku kubwa ya Harweyn mwezi wa nane, shule zikifungwa. Huyu bwana humfahamu vizuri. Hajawahi kunipandishia sauti hata mara moja, na upole wake ndio unaonitia hofu, kwani akitaka jambo gumu huliomba kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Iliundwa kamati ya wanaume tisa na Mama Yurub wa kikundi cha akina mama, nami nikawa karani wa kuandika kumbukumbu.

Ungeviona vile vikao ungecheka mpaka ushike mbavu. Cha kwanza kilitoka adhuhuri mpaka alasiri kwa neno moja tu, hema la wageni litazame upande gani. Cha pili sheikh alisema vipaza sauti vizimwe saa za swala, wakakubaliana wote papo hapo, halafu wakagombana saa nzima nani atakayevizima. Cha tatu Mama Yurub akasikia kwamba wanawake wamepangiwa kukaa nyuma ya jenereta. Alisimama akasema basi mashairi yao ya buraanbur watayaimba kwa ajili ya jenereta, na wageni wasubiri jenereta iwatafsirie. Niliyaandika maneno yake yote, ila Abdilatif akaniomba, kwa upole wake uleule, niyafute.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilikuwa na furaha. Tangu nirudi kutoka chuo huko kwenu Garissa, Hooyo alipougua, ni miaka mitatu natoka nyumbani kwenda ofisini na kutoka ofisini kurudi nyumbani. Ni hatua mia tatu, nimezihesabu. Wewe ulipata kazi, ukaoa, barabara ikakuchukua. Mmoja wetu ilibidi abaki, na hakuna aliyeniuliza kama ni mimi. Sikulaumu. Au labda nakulaumu kidogo. Ile sherehe ilikuwa kitu cha kwanza katika mji huu kilichokuwa na harufu ya kwingine, na niliitaka kuliko nilivyoitaka diploma yangu.

Tatizo likawa mahali. Uwanja wa shule ulikuwa mdogo kwa mbio za ngamia. Abdilatif akautaja uwanda wa visima, siku tatu tu, akasema, kisha unarudi ulivyokuwa. Uwanda unaujua, ndipo ngamia wanapolala wakisubiri zamu ya maji msimu wa kiangazi cha hagaa, na tangu enzi za babu hakuna aliyejenga wala kuweka ua pale. Ili ofisi iutumie ilitakiwa karatasi, yaani kikao cha umma, orodha ya waliohudhuria na kukubali, na mstari wa kwanza kabisa uwe wa mzee wa visima, ndiye Aabo. Kikao kikaitishwa Jumanne, na katika wanakamati wote kumi hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku hiyo ni soko la mifugo Elwak. Walikuja watu kumi na mmoja, wanne wao kwa ajili ya chai. Hata hivyo kesho yake faili liliondoka kwenda makao makuu likiwa na majina sitini na mawili, na juu yake jina la Aabo na alama ya kidole gumba.

Sherehe yenyewe ilifana, siwezi kusema uongo. Mama Yurub na wenzake waliketi mbele, wakaimba mpaka mgeni rasmi akaiweka simu yake chini. Ngamia walikimbia na vumbi likatufunika sote, wakubwa kwa wadogo. Mimi nilishika kipaza sauti na kutangaza washindi, na Hooyo alikaa mstari wa pili akinionyesha kwa kidole kwa kila aliyekuwa karibu naye. Nilijiona na mimi ni mtu.

Wiki iliyofuata mahema yaling'olewa lakini nguzo zikabaki. Kisha lori likaleta seng'enge. Kumbe faili lilikuwa na ukurasa wa pili ulioandikwa huko makao makuu, na ukurasa huo unasema uwanja wa kudumu wa sherehe na maonyesho. Ngamia walifika na kiu ya siku nyingi, wakakuta waya. Wachungaji walisimama pale wakitukana hadi sauti zikawakauka. Aabo alikuwa miongoni mwao.

Wazee walikutana nyuma ya msikiti. Walimtaka Abdilatif alete faili, naye akanituma mimi nilipeleke. Nilisimama pembeni nimelikumbatia, mwanamke peke yangu. Mzee mmoja akanyoosha mkono akalichukua, akampa Aabo ile karatasi na kumuuliza mbele ya wote kama kidole kile ni chake. Kabla hajajibu, Abdihafid, yule aliyerudi juzi kutoka Wajir, akasema aletewe msahafu aape kwanza. Wazee wakamkemea kwa ukali. Wakasema tangu lini Dagane anaapishwa, yeye akisema neno limekwisha.

Aabo aliishika ile karatasi. Aliishika juu chini, walaal. Akaitazama, halafu akainua macho, akawapita wanaume wote, akaniangalia mimi. Haikuwa muda mrefu. Akasema kidole ni chake. Akaomba msamaha kwa kutowashauri wenzake, akakaa, na hakuna aliyeuliza tena kuhusu majina mengine.

Tangu siku hiyo zamu ya maji haipangwi naye. Amepewa mtu mwingine. Njiani wanamsalimia, lakini hawasimami kusikia jibu. Ngamia wetu anawapeleka visima vya mbali, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, kwa sababu anaona haya kupanga foleni pale alipokuwa akipanga wengine. Na ndipo wewe nawe ukaandika uliyoyaandika.

Sasa kaa chini, Abdinasir. Kama Ifrah yuko karibu, soma kimoyomoyo.

Aabo hakutoa kidole. Mwezi wote ule faili lilipoandikwa alikuwa upande wa Banissa na mifugo, mahali ambapo hata simu haishiki, na Harweyn hakukanyaga; wazee wanadhani karatasi ilimfuata huko. Kidole ni changu. Baada ya wale kumi na mmoja kunywa chai na kuondoka, Abdilatif aliniambia taratibu kwamba faili lazima litoke kesho, kwamba hakuna mtu Harweyn anayekataa sherehe, kwamba majina ya watu nayajua kuliko yeye, na kwamba wiki hiyohiyo alikuwa anaandika mapendekezo ya mikataba. Akaniachia pedi ya wino mezani, akaenda kuswali. Hakunilazimisha. Ningeweza kusema hapana, nilikuwa nimebaki na mlango wazi na meza peke yangu. Nilibadilisha kalamu, nikabadilisha mwandiko, nikatumia kidole hiki na kile, mkono huu na ule, vilipokwisha nikavibonyeza kwa ubavu. Wa mwisho alikuwa Aabo. Kwake nilitumia gumba la kulia, na nikalibonyeza vizuri lisichafuke, nikitaka alama yake iwe safi kuliko za wengine. Nikilikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke.

Wino haukutoka. Nilienda kwa Amran, jirani yetu, akanipaka hina vidoleni ili nifiche. Hooyo alifurahi mno, akadhani hatimaye nimeanza kufikiria kuolewa.

Nilijaribu kumwambia Aabo, asubuhi ya pili baada ya kikao cha wazee, akijaza mitungi. Hakuniacha nimalize. Alisema yeye amepita miaka sabini na watu watachoka kumsema. Mimi nina ishirini na sita, nikijulikana nimeghushi nitafungwa, na nikitoka hakuna nyumba itakayonipokea. Akasema neno alilolisema mbele ya watu ameshalisema, na wale watu walikataa kumwapisha kwa sababu ni yeye, hivyo nikifungua mdomo nitakuwa nimemfanya mwongo mbele yao. Akanikataza kulitaja tena maadamu yu hai. Halafu akaniomba nimshikie mtungi.

Basi hapo ndipo nilipo. Nikisema, namfanya baba yangu mwongo, yeye ambaye hajawahi kusema uongo mwingine ninaoujua. Nikinyamaza, namwacha adharauliwe mpaka azikwe. Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili, na kila asubuhi Abdilatif ananiuliza habari za mzee kwa upole. Nikiacha kazi wataniuliza kwa nini. Nikikimbia, Hooyo atabaki na nani? Nimekuwa kama mbuzi aliyeingiza kichwa ndani ya sufuria, kila ninapogeuka nagonga.

Wewe hakukukataza, ndiyo maana nakuandikia. Jina langu liko chini ya barua hii, na mwandiko ni wangu wa kweli. Ukiona inafaa isomwe mbele ya wazee, njoo nayo, mimi mwanamke hawatanipa nafasi ya kusema lakini nitasimama kando yako wanione. Ukiona ni heri ichomwe, ichome, sitakuuliza. Ukitaka kunichukia, nichukie mimi, nimestahili. Lakini kwa vyovyote vile Ijumaa hii mpigie. Usiombe msamaha, atajua umeambiwa. Muulize habari za ngamia tu.

Nilitaka kumaliza hapo, ila jana limetokea jambo ambalo siwezi kulibeba peke yangu. Alasiri Aabo alinijia na kipande cha katoni, akaniomba nimwandikie jina lake, herufi kubwa. Nilifurahi kipumbavu. Nilidhani anataka kujifunza, nikamwambia tukianza leo baada ya mwezi atakuwa anajiandikia mwenyewe. Alilitazama lile jina, akauliza kama ndilo hilo tu, mbona fupi. Akakiweka kile kipande mfukoni, akatoka. Nilimfuata kwa macho. Alitembea mpaka kwenye lango la uwanda, pale ambapo Jumatatu ofisi yetu ilisimamisha ubao wa kuwashukuru wazee waliotoa ardhi kwa hiari yao. Akasimama mbele ya ubao, akatoa katoni, akawa anaangalia katoni kisha ubao, herufi kwa herufi, na watu wakipita nyuma yake. Aliporudi aliniambia ameliona. Liko la kwanza kabisa, akasema, na wameliandika vizuri.

Nisalimie sana Ifrah, na mbusu mtoto kabla hajakuuma. Hooyo anakusalimu na anasema usinywe chai tumbo likiwa tupu. Aabo hajui kama naandika, lakini salamu zake huwa ni zilezile, kwamba Mungu akulinde njiani.

Wassalamu alaykum,

Mimi dada yako,
Ramlo Dagane