Pua ya Mama Yangu Si Kilema

Mke wangu Darlene na mwanangu Kaylin,

Supu iko kwenye jokofu. Mbwa hajala. Nimekwenda kuezeka paa la kanisa, msinisubiri.

Fomu ya kodi sijaitia sahihi. Asubuhi yule mama anayetujazia fomu alisema wazi kwenye simu: upasuaji wa urembo haupunguzi kodi, ila wa kurekebisha kilema. Darlene ukadakia, "Basi andika kilema, nani atajua?" Kaylin ukacheka, na hiyo pua yako mpya.

Ile uliyoikata ilikuwa ya marehemu mama yangu. Hata mimi ninayo.

~~Haya, andikeni mnavyotaka.~~

Hapana. Nililipa ikatwe, nikanyamaza. Kuiita kilema, watu wa kodi kule Washington wakasome? Mtanizika kwanza.

Baba, mwenye pua