Mkono wa Mwadime

Wakesho mdogo wangu, Bwana asifiwe.

Nilifika Voi salama. Jua ni kali, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chai. Ndugu yetu Mwadime alinipokea kwa geti la kile kiwanda chao cha chuma, ambacho sasa kimeongeza mashine za kutengeneza milango na boneti za magari. Akanisalimia kwa mkono wa kushoto! Nikamfokea mbele ya wenzake: "Hiyo ndiyo adabu ya Voi? Mimi si dada yako mkubwa?" Akacheka kidogo, akatoa wa kulia mfukoni. Wakesho, kimebaki kidole gumba peke yake. Mashine ya kukandamiza mabati ilivibeba vingine, naye akatuficha.

Nyumbani kwake nikafungua kimanga cha muhogo na maharagwe alichotumiwa na Mama. Hakukigusa. "Cha Mama sitakila kwa kushoto, Dada." Basi nikakiombea chakula, nikamlisha tonge kwa tonge kama alipokuwa mtoto, naye anatazama ukuta. Nikamsihi turudi wote nyumbani kwetu Wusi.

"Nikalime kwa mkono gani?"

Jumatatu anarudi kazini, kwa mashine ileile. Anasema atatumia huo wa kushoto.

Kadi hii haina bahasha, kwa hivyo ifiche Mama asiisome. Mama ameapa Krismasi atamngoja Mwadime mlangoni amshike mkono. Niombee nipate maneno ya kumwambia Mama kabla hajaunyoosha mkono wake.

Mungu akufunike, mpenzi wangu, na akulindie mikono yako.

Dada yako,
Mkawasi