Kichwa cha Babu Erastus

Ujerumani, 4 Machi 1962

Kwa Babu Erastus, Malinya,

Hujambo, mzee mwenzangu? Kikohozi kimepungua? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanionea. Baada ya masomo namwoshea profesa wangu mifupa ya kale, nipate hela ya chakula.

Leo alinionyesha fuvu la Neanderthal, watu walioishi huku zamani sana wakatoweka. Mfupa wa nyusi umetokeza, paji la uso hakuna. Anasema hawakuwa watu kamili kama sisi. Nikamtania: "Mbona huyu ni babu yangu mtupu!" Hakucheka. Aliuliza unaishi wapi, akaandika.

Mjukuu wako,
Cleophas

Malinya, 29 Machi 1962

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Kifua kinanisumbua, na fahali wa jirani yetu Barasa amepigwa vibaya na mwenzake katika mapigano ya mafahali, amekimbia mpaka kwa mama mkwe wa Barasa.

Nimecheka sana. Sura unayoicheka ndiyo hiyo umebeba, jiangalie kwenye kioo. Lakini hao watu wa zamani, nani aliwatoa kaburini? Jamaa zao waliulizwa? Mwambie profesa mimi na wewe tunataniana. Yeye si mjukuu wangu.

Babu yako,
Erastus

Malinya, 16 Septemba 1962

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi hali si nzuri. Profesa wako alikuja na barua yako ya kumtambulisha, akaleta sukari na blanketi. Alinipima kichwa kwa koleo la chuma mbele ya shangazi yako Mideva. Nilimwachia kwa sababu ni mgeni wako.

Halafu akauliza nakohoa tangu lini, na nikifa nitazikwa wapi. Nilidhani anataka kutoa mchango wa mazishi, nikamwonyesha pale nyuma ya nyumba. Akapapima pia.

Cleophas, naogopa. Amekodi nyumba hapa jirani, Iguhu, na anasema hana haraka. Mwandikie aondoke.

Babu yako,
Erastus

Ujerumani, 20 Januari 1963

Babu,

Hujambo? Nijibu hata neno moja. Profesa nilimwandikia siku ile ile nilipopata barua yako, hakujibu. Wewe nimekuandikia tena na tena, kimya, na shangazi Mideva hajui kuandika. Ile barua ya kumtambulisha kwako nilimpa kwa sababu aliniahidi mwaka mwingine wa masomo. Nisamehe, Babu.

Jana profesa alirudi, ana furaha, anawanunulia watu bia. Leo sanduku limefika kwa meli kutoka Mombasa. Juu ameandika: "Mtu wa kale, Malinya." Ameniletea maji ya moto na brashi, anataka nianze kuosha.

Sijalifungua. Nimekaa mbele yake nakuandikia. Sitaligusa mpaka nipate barua yako.

Mjukuu wako,
Cleophas