Pale Kwenye Kicheko Chako

Nyumbani,
Mlango wa kijani, nyuma ya karakana,
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kwanza nijulishe hali yako, na goti lako, hasa hilo goti, maana mara ya mwisho uliniambia linalia kila unapopanda ngazi kama bawaba iliyokosa mafuta. Unalipumzisha, au bado unajifanya kijana? Mimi ni mzima wa afya. Mama mzima. Mdogo wangu mzima, tena anakula kama ana ugomvi na sufuria. Sote tunakukumbuka, kila mtu kwa namna yake, na Mama kwa namna yake ya kulalamika kwamba simu yako haisikiki vizuri.

Nina habari, na unajua ni habari ya nini. Fainali ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nimewakataza watu wote wa nyumba hii wasikupigie simu wala kukutumia ujumbe mpaka barua hii ikufikie mkononi, na Mama nimemwapisha kabisa. Tafadhali usirukie mwisho. Nakujua wewe, hata gazeti ulikuwa unaanzia ukurasa wa nyuma. Soma taratibu kama mtu mwenye adabu zake.

Kazini naendelea vizuri. Bado napiga msasa na vanishi kwa yule Fundi seremala uliyemwacha akisukuma mkokoteni. Siku hizi ana karakana nzima, na tumbo linalolingana nayo. Makabati ya nguo yenye vioo yakishakamilika husimamishwa ukutani kungoja wateja, na Jumapili karakana ikifungwa Fundi hutuachia ufunguo. Hapo ndipo tunapofanyia mazoezi, kila mchezaji na kabati lake. Masharti ya Fundi ni tufagie maranda yote na tusivihemee vioo vyake. Kabla ya fainali kabati la Mjusi likapata mteja. Mjusi ni yule kijana mrefu wa kikundi chetu, anayecheza zaidi chini sakafuni kuliko kwa miguu. Basi ikabidi ajitazame kwenye kioo changu, na kila nikigeuka namkuta kwapani mwangu. Nilimwambia akanunue kabati lake.

Unakumbuka nilivyokueleza: kikundi kimoja tu ndicho kingeshinda na kusafirishwa kwenda kwenye mashindano makubwa ya hip-hop, na mwaka huu mashindano hayo yanafanyika huko huko uliko. Mji huohuo! Ukumbi ambao wewe mwenyewe umeniambia unaupita ukienda kazini! Nilipousoma mji huo kwenye tangazo, moyo ulinilipuka paa. Mjomba, tangu uondoke nikiwa bado navaa sare ya shule sijakuona ila kwenye kioo cha simu, sura yako ikiganda mdomo wazi. Wenzangu walikuwa wanataka kombe. Mimi nilikuwa nataka kukushika. Nasema wazi na wala sioni haya.

Wimbo tuliouchagua unaujua, ule wa kaseti yako. Wewe ndiye uliyesogeza meza ya sebuleni na kunifundisha kuisikia besi kabla sijainua mguu. Na unajua kaseti ile ina dosari gani. Siku moja ulibonyeza kitufe cha kurekodi badala ya cha kusimamisha, na tangu hapo, katikati ya ubeti wa pili, muziki unakatika, unasikika wewe ukicheka kile kicheko chako cha kuishiwa pumzi, halafu ngoma inapiga dum na wimbo unarudi. Mimi nimekua nikidhani kicheko ni sehemu ya wimbo. Siku nilipousikia redioni bila wewe nilimwambia Mama kwamba redio imeharibika. Hapa kwetu wimbo huo ukifika pale kila mtu anasimama alipo, Mama na mwiko hewani, mdogo wangu na kijiko mdomoni. Tunakungoja ucheke, kisha tunaendelea na yetu.

Nilipoitunga densi nikapaacha vilevile. Katika kikundi tunaye Mwalimu, na ni mwalimu kweli wa shule ya msingi, ndiye mwenye simu ya maana kati yetu. Yeye akauhamisha wimbo kutoka kwenye kaseti, mikwaruzo na kila kitu. Tukawa tukifika pale tunasimama, wewe unacheka, ngoma inapiga, tunaanza upya. Hatukuona tatizo lolote.

Raundi ya kwanza tukamkabidhi DJ wimbo wetu. DJ yule, mtu mwema kupita kiasi, akasikia mikwaruzo, akasikia na mtu anacheka katikati, akatuhurumia. Bila kutuuliza akatuwekea nakala yake safi. Tukafika pale, tukasimama kama kawaida yetu, na muziki haukusimama! Loh! Mjusi akadhani amechelewa, akajitupa chini peke yake. Mwalimu akaanza kuhesabu kwa sauti, "tano, sita, saba," mbele ya umati mzima, kama yuko darasani. Mimi kijasho chembamba kinanitoka, natoa lile tabasamu la kulazimisha, mpaka ngoma ilipopiga ndipo tukaokotana. Tulipita, lakini kwa kuponea chupuchupu.

Jaji mkuu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, hakutuficha. Alisema stepu zetu ni safi, ila nyuso zetu ni za picha ya kitambulisho, na kwamba hapo katikati tulipotea. Akasema tunauhesabu wimbo, hatuusikii. Ilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Wewe ungesema hivyohivyo, tena ungeongeza na matusi madogo.

Wenzangu wakaamua kaseti basi. Tutumie wimbo safi, na pale palipokuwa na kicheko tupajaze stepu kali. Nikakubali, maana nilitaka kushinda kuliko walivyotaka wao wote. Tukapajaza kweli. Mjusi akaweka zile pinduapindua zake, Mwalimu akafurahi kwamba sasa hesabu zote zimekaa sawa. Kwa stepu tulikuwa hatuna mpinzani.

Jumapili moja Mama akaja karakana kutupima mavazi, maana yeye ndiye aliyetushonea. Hajawahi kukaa kututazama. Siku zote anasema tunacheza kama watu walioingiliwa na siafu. Siku hiyo akaketi juu ya rundo la mbao, pini zimejaa mdomoni, akatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipomaliza akazitoa pini.

"Mbona mmemtoa?"

Nikamuuliza tumemtoa nani.

"Ndugu yangu."

Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kupima kiuno cha Mwalimu. Mwalimu mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Mimi nikageuka nikajifanya nafuta kioo. Mjomba, miaka yote hii Mama hajasema mbele yangu kwamba ana upweke wa kukukosa. Analaumu mtandao, basi. Ile redio kaseti mlango wake tumeufunga kwa mpira, spika moja imekufa, na ukigusa kuitupa anakutolea macho. Nilikuwa nadhani ni ubahili wake tu.

Tukapafungua tena mahali pako, safari hii kwa wimbo safi wa DJ. Nikawaambia: muziki utaendelea, sisi tutasimama kwa kusudi, tena wote kwa pamoja, tugeuze kichwa upande mmoja kama watu waliosikia sauti chumba cha pili. Mwalimu akauliza tusimame kwa hesabu ngapi. Nikamwambia hakuna hesabu, sikiliza mpaka ngoma ikuite. Akauliza na uso je, tuuwekeje? Nikamwambia uso usiuweke vyovyote, mtafute mtu wako ambaye hayupo, uso utajijua wenyewe. Mjusi akasema yeye hana mtu wa namna hiyo. Tuliporudia akaenda bombani kunawa uso, akadai vumbi la mbao limemwingia machoni. Karakana ilikuwa imefagiwa, Mjomba.

Tangu hapo densi yote ikabadilika, hata sehemu ambazo hatukuzigusa. Mtu akishajua ataenda kusimama wapi, anafika pale kwa njia nyingine kabisa. Mkono uliokuwa unarushwa tu ukawa unaita. Besi ikishuka, hatuishukii tena kwa pupa, tunaiacha itangulie kidogo kama ulivyonifundisha sebuleni. Nikaanza kulala vizuri. Nilijua tuna kitu.

Haya, fainali. Ukumbi ulijaa pomoni. Kikundi kilichotutangulia kilikuwa moto wa kuotea mbali, sitakudanganya, watu wanarushana hewani na kudakana. Mwalimu akanishika mkono, wake una jasho, akasema tumekwisha. Nikamwambia thubutu! Wale wameruka vizuri, lakini hawajamwambia mtu kitu. Na haki ya Mungu sikuwa najipa moyo, nilikuwa nasema ninachokijua. Tukapanda.

Besi ilipoingia niliisikia kuanzia nyayoni. Ubeti wa kwanza ukapita kama maji. Tukafika pale. Tukasimama sote, shingo upande mmoja, muziki unaenda zake na sisi hatumo. Ukumbi ukatulia, watu wanatazamana, wengine nadhani wakisema hao, wamesahau tena.

Na hapo, kutoka safu za nyuma, Mama akacheka.

Hakupanga. Ameniapia kwamba hakupanga, kilimtoka tu kwa mazoea, maana miaka yote hiyo wimbo ukifika pale lazima mtu acheke, na safari hii hakukuwa na wa kucheka. Na kumbe mnacheka sawasawa! Hakuna aliyewahi kuniambia. Kicheko kilekile, kinaishiwa pumzi mwishoni vilevile. Kwa muda ule mdogo niliamini umo ukumbini, na uso wangu sijui ulifanya nini. Mwalimu anasema niliachama kama mtoto aliyeona mtu wake langoni. Ngoma ikapiga dum, tukaingia kwenye wimbo sote kama mtu mmoja, na kuanzia hapo sikumbuki stepu hata moja. Nakumbuka kelele za watu, na Mjusi akilia waziwazi huku anapinduka.

Jaji wa miwani hakusema mengi. Aliuliza kama yule mama aliyecheka kule nyuma ni sehemu ya onyesho letu. Nikamjibu ndiyo, tena bila kupepesa.

Tumeshinda, Mjomba. Tumeshinda, tunakuja huko!

Sasa futa machozi nikupe maagizo. Tunafika mwezi ujao, siku kamili nitakupigia mwenyewe. Kikundi kinaruhusiwa kusafiri na msimamizi mmoja wa mavazi, nami nimemwandikisha Mama. Anajifanya kukataa, ati nani atamwagilia maua yake, huku sanduku ameshalishusha kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi. Kwa hiyo andaa godoro zuri. Nakuonya anakoroma kuliko zamani, ila usiseme umeambiwa na mimi. Na mkionana msianze kubishana mlangoni, ingieni ndani kwanza.

Anayekuletea barua hii ana na kifurushi chako. Ndani yake mna shati, Mama amelishona kwa kitambaa kilekile cha mavazi yetu. Alikata kwa kipimo chako cha zamani na hataki kusikia ushauri wa mtu. Likikubana tumboni anasema kosa ni la tumbo.

Mdogo wangu anakusalimu sana, ameshaanza kusimulia shuleni kwao kwamba mjomba wake ndiye mwenye ukumbi. Fundi anakusalimu, anasema uje umwone alivyonenepa. Mama mdogo anakusalimu, na Babu mdogo pia, naye anauliza bado unapiga mluzi ukinyoa ndevu? Kikundi kizima kinakusalimu, maana wanakufahamu kwa kicheko tu. Nami nakuomba umsalimie yule unayesema kila siku kwamba ni jirani yako tu. Tutamwona tukija.

Mungu akutunze, akulindie kazi yako na riziki yako, akulainishie hilo goti, na atukutanishe tukiwa wazima.

Neno la mwisho. Siku hiyo vaa shati, kaa safu ya mbele, karibu kabisa na jukwaa. Nikipanda sitakutafuta kwa macho, kwa sababu nitakuwa nacheza. Katikati ya ubeti wa pili tutasimama na kugeuza vichwa upande wako. Muziki utaendelea, watu watadhani tumesahau. Mama ameshasema safari hii yeye atanyamaza.

Hapo ni pako, Mjomba. Usijizuie.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutania,

Springi