Baba Anataka Kushindana Mlimani na Mchumba Wangu

Mama Ivana mpendwa,

Niokoe, Jumapili inakaribia na nyumbani kwetu hapakaliki. Baba yangu, Achille, ana gari jekundu la mwaka 1957, amelitunza kuliko alivyonitunza mimi, na mchumba wangu Loris kanunua gari jipya la michezo, basi juzi baa, mbele ya watu, Loris akamwambia, "Mzee, hilo lako linavuja oili, lipeleke makumbusho," baba naye akajibu, "Lako linafunga breki lenyewe, linashika njia lenyewe, wewe humo ni abiria tu!" wakachachamaa mpaka wakaapa kushindana Jumapili, kupanda na kushuka mlima Maniva, na baba anataka nikae kando yake kama kila mwaka kwenye mbio za magari ya kale, nimsomee kona na saa, maana, nikuambie ukweli, siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Breki za gari lile zikipata moto mteremkoni hazishiki, nikaogopa, nikachomoa kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, nikakificha ndani ya kopo la unga. Sasa gari haliwaki na baba anaapa Loris ndiye kakiiba, kamwita mwizi mbele ya mama mzazi wa Loris, na Loris anasema hakuna harusi mpaka aombwe radhi. Nikisema kweli, baba atapanda mlima. Nikinyamaza, nimempoteza Loris. Nifanyeje?

Ornella, Brescia

Ornella,

Pole, lakini kwanza nikugombeze. Kijana wa watu anaitwa mwizi na kidude kiko jikoni kwako? Aibu! Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, waite wote wawili useme, "Ni mimi."

Halafu habari ya breki umenieleza vizuri, ya macho ya baba yako ukaipita haraka haraka. Breki fundi atazitengeneza. Ni macho, mwanangu! Miaka mingapi umekuwa ukimwambia "kushoto, baba, kulia, baba", naye anarudi na kikombe, watu wanampigia makofi? Gari la Loris lina mitambo ya kumwonya dereva. La baba yako lina wewe, ndiyo maana hajaua mtu. Siku ukiumwa je?

Loris naye mwambie aache kumchokoza mzee, kama kweli anataka kuwa mkwe.

Kidude usikirudishe. Kesho asubuhi mpeleke baba kwa daktari wa macho, wewe mwenyewe. Akikataa, kaa naye mezani umwombe funguo za gari. Atakutukana, atakuita msaliti, pengine atalia. Mwache alie, na usiondoke mezani mpaka amekupa.